Malkia wa Ming Ahamia Membley

Hayat binti Uthman alilelewa na mama wa Mombasa katika mji wa mananasi, na hilo ndilo lililomponza. Mama yake aliletwa Thika na ndoa akiwa msichana, akaishi hapo hadi kufa kwake, lakini hakuwahi kuikubali Thika kwa moyo mmoja. Aliona watu wa bara wana roho nzuri ila hawana maneno. Basi akamfunza bintiye maneno. Mtu akikukuta unakula, sema karibu, hata kama sahani imebaki harufu. Mtu akiisifu leso yako, sema karibu, ni yako hiyo. Naye, ikiwa amelelewa, atajibu starehe, na leso itabaki mabegani pako. Hakuna aliyewahi kupoteza leso kwa njia hiyo, angalau si Mombasa.

Miaka ya tisini ilimkuta Hayat ana duka la vitambaa mjini Thika. Alikuwa ameachika zamani, hana mtoto, anaishi vyumba vya juu ya duka. Majirani walimhurumia kwa upweke wake, kwa kuwa hawakujua anaishi na nani. Kwenye kabati la vioo, katika chumba cha nyuma ambamo hakuswalia, walikuwa wamesimama wanawake wa ikulu za China.

Walikuwa wanasesere, au madoli kama wasemavyo watu wa Thika, lakini si wa kutupwa mchangani na watoto. Hawa walitengenezwa kuvalishwa na kutazamwa, kila mmoja na mavazi ya enzi yake. Kaka yake Hayat, Zuhair, alikuwa akienda Hong Kong kumnunulia tajiri mmoja wa Nairobi vitambaa, akamletea wa kwanza kwa mzaha. "Mpe kazi ya kukaa nawe," alimwambia. Mzaha ukageuka uraibu. Safari iliyofuata Hayat aliagiza wa pili, na tangu hapo Zuhair hakuthubutu kurudi mikono mitupu.

Alikuwepo wa enzi ya Han, mwenye mikono ya joho mipana hata ungeweza kumficha kuku ndani. Wa Tang alikuwa na mashavu mekundu na sketi iliyofungwa juu ya kifua, na Hayat alimgeuza kidogo ubavu ili asimtazame mtu moja kwa moja. Wa Song alivaa rangi za maziwa na majani machanga, mpole, karibu asionekane. Wa Qing alijiona. Kofia yake ilipanuka pande mbili kama ubao, na viatu vyake vilikuwa na kisigino katikati ya unyayo, jambo ambalo Hayat alilijaribu siku moja kwa kufunga vibao miguuni, akaanguka juu ya robota la satini.

Baina ya Song na Qing palikuwa na nafasi. Hapo palimngoja Malkia wa Ming, na Malkia wa Ming alikuwa haji. Kila Zuhair alipouliza aliambiwa wameisha. Hayat alipangusa vumbi la nafasi hiyo kila wiki, akaipangusa vizuri kuliko alivyowapangusa waliokuwepo.

Mtu wa kwanza kuonyeshwa kabati lile alikuwa Mumbi. Mumbi alikuwa mke wa Gathogo, karani wa benki, na walikuwa wamehamia nyumba mpya kule Membley, Ruiru, yenye geti na mlinzi. Alikuja dukani kutafuta kitambaa cha pazia, akapanda na Hayat kufuata robota chumba cha nyuma huko juu, akasimama.

"Ngai! Hayat, hawa ni akina nani?"

Hayat alitegemea kuchekwa. Mama mzima na madoli! Lakini Mumbi alivuta kiti bila kukaribishwa, akakaa mbele ya kioo, akaanza kuuliza maswali. Mbona huyu mkono wake umefichwa? Huyu kwa nini amefunga nguo upande wa kulia? Pazia lilisahauliwa, na Membley ikakaa wiki nzima madirisha wazi.

Kutoka siku hiyo Mumbi naye akawa mkusanyaji, kwa njia yake. Hakuwa na kaka Hong Kong. Alikwenda kwenye mitumba sokoni akaokota madoli ya Kizungu yaliyofika uchi wa mnyama, nywele za njano zimesimama. Aliwapaka nywele rangi nyeusi ya viatu, akawashonea majoho kutokana na vipande vya brokedi ambavyo Hayat alimwekea. Macho ya buluu hakuweza kuyabadilisha. "Hawa ni Wachina wa Ruiru," alisema. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja Thika na kiondo chake, mji umetulia, maduka yamefungwa, na wanawake wawili waliopita umri wa kuchekwa wakakaa kushona vifungo vidogo kama mbegu za mchicha.

Hayat alimwita Mama Wanja, kwa jina la binti yake aliyekuwa shule ya bweni. Kila alipomfungulia mlango alimwambia, "Karibu, Mama Wanja, nyumba ni yako." Mumbi aliingia, akavua viatu, akaenda moja kwa moja jikoni kuweka maji ya chai. Hayat aliona ni uchangamfu wa watu wa bara. Hakuwaza zaidi ya hapo.

Mama yake Mumbi alipofariki, Hayat alifunga duka akaenda mazishini Gatanga, akasimama kwenye matope na buibui lake pamoja na wanawake wa kanisa. Alimshika Mumbi mkono, akasema, "Tuko pamoja." Mumbi hakulisahau neno hilo. Watu wengi walisema maneno mengi siku ile, lakini hilo alilibeba hadi nyumbani.

Kisha Malkia wa Ming akaja.

Zuhair alimleta mwenyewe, akamweka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Alisema pia kwamba huyu ndiye wa mwisho. Tajiri wake alikuwa amefunga biashara ya Hong Kong, na yeye Zuhair alikuwa anahamia Eldoret kuuza vipuri vya trekta. "Usiniagize Mchina Eldoret," alisema. Hayat hakumsikia vizuri, maana alikuwa anafungua sanduku.

Malkia alivaa joho jekundu lililotariziwa kwa nyuzi za dhahabu, na mtandio mrefu ulioshuka mbele kutoka mabega yote mawili. Kichwani alikuwa na taji la ndege wa hadithi, lililofunikwa vipande vya buluu vilivyoiga manyoya ya mdiria, na mistari ya shanga ilining'inia kila upande wa uso. Hayat alilia. Si kwikwi, ni machozi tu yaliyotoka yakashuka. Alimweka penye nafasi yake, na kabati likafungika kwa mara ya kwanza bila kubakiza nafasi.

Jumapili Mumbi akaja. Alimwona kutoka mlangoni, hata viatu hakuvua.

"Haki ya Mungu," alisema taratibu. "Huyu ni mrembo. Sijawahi ona kitu kama hii, Hayat. Sijawahi."

Na Hayat, aliyelelewa akaleleka, alifungua mlango wa kabati, akamtoa Malkia, akamweka mikononi mwa rafiki yake. "Karibu, Mama Wanja. Ni wako huyo."

"Wangu?"

"Wako kabisa."

Hapo ndipo panapotakiwa kusemwa starehe. Hata asante, akae kwa mwenyewe, ingetosha. Hayat alingoja huku akitabasamu, mikono imekwisha kunyooka kumpokea. Mumbi alimtazama Malkia, akamtazama Hayat, macho yake yakajaa maji.

"Mimi sijui niseme nini," alisema.

"Hakuna la kusema," Hayat akajibu, maana alidhani labda ndivyo wanavyosema starehe huko kwao Mumbi, Murang'a.

Mumbi akavua sweta, akaitandika ndani ya kiondo, akamlaza Malkia wa Ming juu yake kama anayelaza mtoto mchanga. Alikunywa chai haraka. Alisema leo hatashona. Hayat alimsindikiza hadi chini, akampungia mkono, akapanda ngazi, akasimama mbele ya nafasi ile. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kidole chake kingepona.

Kwa nini hakumwita? Alijiuliza hivyo juma zima akipima vitambaa. Lakini ungemwita mtu vipi? Utasema, rudisha nilichokupa? Mama yake angefufuka. Kunyang'anya ulichokwisha kukitaja kuwa cha mwenzio ni uchoyo wa waziwazi, na Hayat alikuwa tayari kuitwa chochote ila mchoyo. Kwa hiyo akajipa tumaini. Mumbi ni mtu mzima. Atafika nyumbani, atawaza, ataona mambo yamezidi, atamrudisha.

Mumbi alirudi na kuku. Alikuja na kiondo cha nduma na maparachichi, na kuku jike mnene, mzima, amefungwa miguu kwa utambaa wa brokedi. "Nimemleta hai kwa sababu nyinyi mnachinja wenyewe," alisema. "Najua si kitu mbele ya ile uliyonipa. Lakini kwetu mtu hawezi pewa kitu kama hiyo akanyamaza."

Hayat aliangalia kuku, kuku akamwangalia. Kumkataa haikuwezekana, kwani kukataa zawadi ni ukosefu wa adabu mbaya zaidi. Kumpokea ilikuwa ni kutia sahihi. Akampokea, akamshukuru Mumbi mara nyingi, akamtafuta kijana wa msikitini wa kumchinja. Alikuwa kuku mtamu sana, na kwa kuliwa kwake kesi ya Hayat ikaharibika kabisa.

Ilibaki njia moja, nayo aliiona ya busara. Ikiwa Malkia aliondoka kwa kusifiwa, basi atarudi kwa kusifiwa. Hayat alinunua keki, akavaa buibui jipya, akaenda Membley bila kualikwa.

Malkia alikuwa sebuleni, kwenye kabati la televisheni, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma. Wachina wa Ruiru walikuwa wamepangwa nyuma yake, macho yao ya buluu yamekodoka. Gathogo, mume wa Mumbi, alikunja gazeti akamwamkia Hayat kwa heshima.

"Wewe ndiye umeniletea bibi wa pili hapa," alisema akicheka. "Mama Wanja hawezi lala kabla amwambie usiku mwema."

Mumbi akaleta chai. Hayat alikaa wima, akakohoa kidogo, akaanza kazi iliyomleta.

"Mashallah, Malkia amependeza hapo."

"Eeh, amependeza," Mumbi akasema.

"Ni mzuri kupita kiasi."

"Ni mzuri sana."

"Yaani, Mama Wanja, kila nikimtazama nasema, huyu hana mfano."

"Hana," Mumbi akakubali, akamkatia kipande cha keki. "Hata mimi hushinda nikimwangalia. Na unajua nini? Nikimwangalia nakuona wewe. Tangu mama aende, hakuna mtu amenipa kitu ati kwa sababu ananipenda tu. Watu hupeana wakitaka kitu."

Gathogo alirudi kwenye gazeti. Hayat alitafuna keki yake mwenyewe, na haikuwa na ladha. Alijisikia mwizi aliyekuja kuiba mali yake. Kama angeondoka wakati ule, huenda angezoea, maana binadamu huzoea meno kung'oka sembuse doli. Lakini Mumbi aliinuka, akamchukua Malkia, akaketi karibu na dirisha.

"Hebu uone," alisema. "Huyu shanga zake za upande moja ni mrefu kuliko zingine. Naona fundi alikosea. Nataka kukata hii kidogo niishone juu, zilingane."

Hazikuwa zimekosewa. Uzi mmoja ulikuwa umeteleza tu, wa kurudishwa kwa kidole. Mumbi alikuwa ameshika mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, na ncha yake ilikuwa kwenye taji.

"Usimguse!" Hayat alipiga kelele. "Si wako!"

Gazeti la Gathogo lilishuka. Chai ya Hayat ilikuwa imemwagika kwenye zulia na hakuna aliyeitazama. Mumbi aliweka mkasi kando, polepole.

"Si wangu?"

"Mama Wanja, nisamehe. Ile siku… ilikuwa ni maneno. Kwetu mtu akisifu kitu unamwambia ni chako. Naye anasema starehe. Ni adabu tu, ndivyo tulivyolelewa. Sikujua utamchukua."

"Ulisema ni wangu kabisa. Nilikuuliza."

"Nilisema."

"Lakini hukunipa."

Hayat alitafuta neno lingine, la katikati, kati ya ndiyo na hapana. Kiswahili chote alichofunzwa na mama yake kilikuwa cha katikati, lakini siku ile hakikutoka hata chembe. "Sikukupa," alisema.

Mumbi hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alirudisha ule uzi mahali pake kwa kidole, akaona kweli ulikuwa umeteleza tu, akaguna. Alikwenda chumbani akarudi na sanduku la Malkia, alilokuwa amelitunza, akamfunga kwa karatasi zake zote kama alivyotoka Hong Kong. Kisha akauliza, akiwa bado anafunga:

"Na ile ya nyumba ni yako?"

"Nyumba gani?"

"Kila Jumapili huniambia nyumba ni yangu. Mimi naingia jikoni kwako nafungua mpaka sufuria. Ile pia ni adabu?"

Hayat aliinama kuokota kikombe chake zuliani.

"Na Gatanga, uliposema tuko pamoja?"

"Ile ilikuwa kweli! Wallahi, Mama Wanja, ile ilikuwa kweli ya moyoni."

"Sasa mimi nitajuaje?" Mumbi akauliza. Hakuuliza kwa kumchoma, alitaka kujua. Akamkabidhi Hayat sanduku, na Gathogo akasema atamsindikiza mgeni hadi getini.

Malkia wa Ming alirudi Thika, akasimama baina ya Song na Qing, mtandio umenyooka, shanga zimelingana. Seti ilikuwa kamili. Hayat aliwasha taa ya kabati Jumapili alasiri akakaa mbele yake na kushona peke yake, na kweli walipendeza, wote watano. Alipenda kuwatazama. Aligundua kwamba hapendi kuwatazama kwa muda mrefu.

Asidhani mtu kwamba Mumbi alinuna. Watu wa mjini walitegemea ugomvi wakakosa. Aliendelea kununua vitambaa kwa Hayat, akamsalimu vizuri, akauliza afya ya Zuhair na matrekta yake. Jumapili tu ndizo zilizoisha. Alikuja siku za kazi, akasimama upande wa wateja, akalipa, akashukuru, akaenda.

Siku moja ya mvua aliingia dukani mchana, amelowa mabega, anatafuta bitana. Hayat alikuwa nyuma ya kaunta amefungua sahani ya pilau. Alikuwa ameipika asubuhi, nyingi, kwa kuwa kila asubuhi aliamka akiwaza huenda leo Mumbi atapita. Alifurahi hata kijiko kikagonga sahani. Akasogeza kiti cha pili, akapangusa kijiko cha pili kwa leso yake, na kusema kwa sauti iliyotoka tumboni:

"Mama Wanja! Karibu chakula."

Mumbi alikiangalia kiti, akaiangalia sahani. Harufu ilikuwa imejaa duka, na alikuwa ametoka Ruiru tangu asubuhi. Akatabasamu kwa adabu nzuri sana, akainamisha kichwa kidogo.

"Starehe," alisema. "Mimi nimeshiba."

Alilitamka bila kosa, kama mtu aliyezaliwa Mombasa. Kisha akaomba apimiwe bitana nyeusi, na Hayat akafunika sahani, akachukua futi na mkasi akampimia.